Kabla ya kubeba mkate na soda, mpigie mpishi simu

Kila Desemba, na wikendi nyingine nyingi zenye sababu ndogo kuliko Krismasi, vyama, makanisa na wafanyakazi wa kampuni waliovalia fulana za rangi moja humiminika kwenye makao ya watoto hapa Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware. Mizigo ni ileile: mikate, soda, biskuti, sukari, marobota ya unga. Maombi yanafanywa, picha zinapigwa, watu wanarudi makwao wameridhika. Ukarimu wenyewe sina neno nao. Tatizo langu ni hiyo orodha ya ununuzi.

Katika nyumba moja ya watoto huko Eastlands nilioneshwa stoo baada ya wikendi ya namna hiyo. Mikate ilipangwa hadi usawa wa dirisha, ya chini ikiwa imeanza kuota ukungu. Ratiba ya chakula iliandikwa kwa chaki ukutani: asubuhi chai na mkate, saa nne chai na mkate, mchana githeri, jioni ugali na sukuma wiki. Githeri yenyewe ilikuwa mahindi matupu, maharagwe ukiyatafuta kwa kijiko. Mpishi, mama asiyependa maneno mengi, alinyanyua gunia lililobaki na maharagwe ya kujaza kiganja tu na kusema, "Hii ndiyo huwa hamleti."

Anayeumia zaidi ni kijana aliyevuka miaka 13. Mgeni akisikia yatima, anamwona mtoto mdogo anayetaka peremende. Hamfikirii yule kijana wa sekondari aliyerefuka ghafla, anayecheza mpira hadi giza liingie, kisha anapakuliwa kipande cha ugali sawa na cha mtoto wa darasa la pili. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, kijana wa umri huo anahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, nyingi kuliko hata mtu wa miaka 30, maana mifupa ndiyo inajengwa. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za madini ya chuma, mvulana 11, kwa sababu msichana hupoteza damu kila mwezi. Hapo ndipo chai isiyokatika inapoleta shida: ikinywewa pamoja na chakula, inauzuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharagwe na mboga. Ukisikia msichana anaitwa mvivu kwa kusinzia darasani, uliza kwanza amekula nini.

Soda nayo? Kola ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari. Hicho ndicho kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikipite kwa siku nzima.

Chakula cha maana hakihitaji duka kubwa la Westlands. Kipo Marikiti, kipo Kangemi, kipo kwa mama mboga aliye mkabala na geti la makao yenyewe. Maharagwe na ndengu. Omena, ambayo huliwa na mifupa yake na hivyo kuleta kalsiamu. Managu, terere na kunde, na chungwa au ndimu pembeni ili chuma cha mboga kifyonzwe vizuri. Mayai. Parachichi likiwa msimu wake. Na unga wa pakiti, nikiri, ni zawadi nzuri: tangu 2012 sheria inataka uongezewe vitamini na madini, jambo ambalo mahindi ya gunia yakisagwa poshomili hayapati.

Kuna jingine linaloniudhi. Nyumba nyingi haziwaruhusu vijana kukanyaga jikoni. Naelewa, moto ni moto na zile sufuria si za mchezo. Lakini kijana anafika miaka 18 hajawahi kubishania bei ya nyanya, anakodishiwa chumba Pipeline au Githurai, na pesa ya kibarua inaishia kwa chipsi na smokie. Aliyefika kidato cha tatu anaweza kuandamana na mpishi sokoni Jumamosi. Apewe bajeti, akosee, arudi na kabichi iliyonyauka, wiki ijayo achague vizuri.

Serikali ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto hawa kwenye familia, na naunga mkono. Ila tumbo halisubiri mkakati, na Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi popote anapolala.

Kwa hiyo piga simu. Usiulize "mnahitaji nini," maana utajibiwa "chochote Mungu atakachowajalia." Uliza jana kulipikwa nini, na stoo imebaki na nini. Nunua kilichokosekana, ongeza na sodo za wasichana. Na kreti moja ya soda kama lazima, Krismasi ni Krismasi.