Jirani Aliyezabwa Kofi la Mdomo

Shangazi yangu alifundisha Kiingereza huko Tanga mpaka alipostaafu, na kwa miaka yote hiyo kanuni yake kuhusu msamiati ilikuwa moja tu: neno usilolijua lipasue kama nazi, ulitazame ndani. Alikuja kunitembelea Leeds, kaskazini mwa Uingereza, akiwa na kanuni hiyo, na nusura aniharibie ujirani.

Jumapili moja asubuhi, jirani yetu, mama mtu mzima, alisogea kwenye ukuta wa ua akiwa na macho mekundu na kiganja kimeziba mdomo, akamwambia Shangazi kwamba jana usiku mumewe alimwacha "gobsmacked". Mimi nilikuwa bafuni. Shangazi akalipasua neno hapo hapo. "Gob", katika Kiingereza cha upande ule, ni mdomo, tena mdomo unaotajwa bila adabu. Watu wamelitumia tangu karne ya 16, na huhusishwa na Kigaeli, lugha ya kale ya Ireland na Uskoti, ambamo neno hilo hilo lina maana ya mdomo, hata ule wa ndege. "Smack" halikuhitaji kamusi, kwani ni kofi. Basi akajumlisha: mdomo, kofi, mume, usiku. Akaingia ndani bila kuuliza zaidi, akatoka na mfuko wa njegere zilizogandishwa, akaanza kumkanda nao shavu yule mama, ambaye alistaajabu kiasi cha kushindwa kukataa.

Nilipotoka bafuni, Shangazi alikuwa amekwisha kujifunga kanga kiunoni na anabisha hodi kwa jirani kwa namna isiyofanana na hodi. Nikamkimbilia, taulo shingoni. Bwana wa nyumba akafungua mlango akitabasamu, akamsalimu kwa kumwita "love", kama watu wa Yorkshire, eneo uliko mji wa Leeds, wanavyomwita muuza samaki, abiria wa basi na mtu yeyote wasiyemjua jina.

"Umesikia?" Shangazi akanigeukia. "Usiku ampiga mkewe, asubuhi aniita mimi mpenzi!"

Kisha, kwa Kiingereza kilichonyooka, akamtaka aseme kama ni kweli alimfanyia mkewe jambo lile.

"Ni kweli," akajibu yule bwana, kifua mbele. "Nimelipanga tangu Krismasi."

Shangazi akashika fremu ya mlango. Akamuuliza kama hakumwonea huruma.

"Huruma ya nini? Alistahili, baada ya miaka yote hii. Dada yake ndiye aliyenisaidia. Alijificha nyuma ya mlango akingoja ishara yangu. Watoto wamelirekodi lote, karibuni ndani mtazame."

Sijui Shangazi angefanya nini kama huyo dada mwenyewe hangetokea ukumbini akitafuna mkate. Alikuwa amewasili jana yake kutoka Australia, kwa tiketi iliyolipwa na shemeji yake kwa siri, na dada yake, ambaye hawakuonana kwa miaka mingi, alikuwa amelia kwa furaha usiku kucha.

Ikabidi nieleze, nikiwa nimesimama pale katikati ya familia mbili, kwamba neno hilo linamhusu mtu aliyeshangazwa mpaka akabaki kinywa wazi. Wapo wanaosema picha yake ni ya uso wa mtu aliyezabwa kofi la mdomo, na wapo wanaosema ni ya mtu anayejipiga mwenyewe kiganja mdomoni, jambo ambalo yule mama alikuwa akilifanya mbele ya macho ya Shangazi. Lilikuwa neno la mitaani, hasa la huku kaskazini, kabla ya magazeti na runinga kulieneza nchi nzima katika miaka ya 1980.

Shangazi hakuridhika. Mshangao, alisema, una neno lake la heshima, "flabbergasted", na ndilo alilowafundisha wanafunzi wake. Nikamjibu kwamba hilo la heshima nalo lilitajwa mwaka 1772 katika Annual Register, kitabu cha kila mwaka cha London, miongoni mwa maneno mapya ya mtindo, na kwamba hata leo hakuna aliyethibitisha asili yake. Yaani ukilipasua, ndani ni patupu. Alinitazama jicho ambalo bila shaka wanafunzi wa Tanga wanalikumbuka.

Bwana jirani, ambaye mabishano haya yalimfurahisha mno, akauliza kama Kiswahili nacho kina neno la namna hiyo. Nikamwambia kwamba kwetu mtu hupigwa na butwaa.

"Butwaa ni nani?" akauliza.

Shangazi akasema kwamba hilo si swali la mtu mwenye akili timamu.

Jioni yule bwana alileta zawadi ya kupatana: mfuko wa "gobstopper", zile peremende kubwa za mviringo, ngumu mithili ya gololi, ambazo jina lake maana yake ni kizibo cha mdomo. Shangazi alilisoma jina hilo mara mbili, akalipasua, akauliza kama ni zawadi au tusi, kisha akajaribu moja. Ilimchukua karibu saa nzima kuimaliza, na kwa muda wote huo hakuna mtu aliyesahihishwa Kiingereza chake.