Swali Kabla ya Kidonge

Bibi yangu ana presha ya miaka mingi, anameza enalapril pamoja na dawa ya kukojoza, na magoti humsumbua kila apandapo ngazi za nyumba yetu ya ghorofa hapa Lamu. Mwaka jana alikwenda duka la dawa akapewa diklofenaki, kutwa mara tatu, na muuzaji hakumuuliza lolote ila kama ana pesa ndogo ndogo. Baada ya siku kumi miguu ilikuwa imevimba hata viatu haviingii, na daktari akatwambia kwamba figo zimeelemewa.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuiacha wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Kwa kijana aliyeteguka mguu akicheza mpira, siku mbili tatu za dawa hizo kwa kawaida hazina neno. Kwa mzee anayetumia dawa za presha kama za bibi, kwa mwenye vidonda vya tumbo au moyo dhaifu, na kwa mjamzito aliyepita wiki ya 20, mambo ni mengine kabisa. Wapo pia wenye pumu ambao kidonge kimoja huwabana kifua.

Ndiyo maana naona muuzaji asiyeuliza ana makosa, ingawa nasi wanunuzi, tunaoita dawa kwa jina na kutaka tuhudumiwe upesi, hatuna usafi wa kujivunia.

Parasetamoli ni salama zaidi kwa wengi wa hawa, mradi mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, akihesabu na ile iliyomo ndani ya dawa za mafua. Mwenye ini bovu hupangiwa kipimo pungufu. Sisi wa Lamu tuna sababu ya ziada ya kulijua hili. Chikungunya ilipoukumba mji mwaka 2004, viungo viliuma hadi watu wakashindwa kutembea, na homa ya namna hiyo ni vigumu kuitenga na dengue bila ya kupima. Dengue huweza kumtoa mtu damu, na aspirini au ibuprofeni huzidisha hatari hiyo, kwa hivyo kabla ya majibu ya maabara ni heri parasetamoli.

Siku hizi bibi hufunga pakiti za dawa zake kwenye pindo la leso, na akifika dukani huzimwaga zote juu ya kaunta kabla hajasema anaumwa wapi.