Mwacheni mpangaji na chaja yake

Ile sauti ya "chaja inakula uniti" imeanza kuzunguka tena WhatsApp. Imenifikia kwanza kutoka kwa shangazi yangu, kisha kwa jirani, kisha kwa mtu niliyesoma naye ambaye sikuwa nimesikia habari zake tangu harusi yake. Msemaji anaongea taratibu, kama mtu mwenye hakika: ukiacha chaja kwenye soketi bila simu, umeme unanyonywa usiku kucha, halafu tangu mita zilipoboreshwa mwaka 2024, zimewekewa spidi, yaani zinahesabu haraka kuliko umeme unaotumika. Ningeipuuza. Lakini mama mmoja akajibu kwamba yeye ameshampiga marufuku dada wa kazi kuchaji simu usiku, na watu wakammiminia pongezi. Hapo nikashindwa kunyamaza.

Tuanze na hiyo chaja. Chaja ya kisasa iliyobaki kwenye soketi bila simu hutumia kama sehemu ya kumi ya wati moja, na nyingine pungufu ya hapo. Iache mwezi mzima, mchana na usiku, haifikishi hata sehemu ya kumi ya uniti. Mita nyingi za majumbani hazianzi hata kuhesabu mkondo mdogo kiasi hicho ukiwa peke yake. Na simu yenyewe? Betri ya 5000 mAh, ukijumlisha na umeme unaopotea kama joto, inataka wati-saa 25 hivi. Uniti ni wati-saa 1000. Kwa hiyo uniti moja inaijaza simu kutoka sifuri karibu mara 40. Dada akichaji kila siku, mwezi unakwisha hajamaliza uniti moja, na uniti moja ya T1, bei ya kawaida ya shirika letu la umeme, TANESCO, ukiweka VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati), ni shilingi 356. Ni kwa ajili ya shilingi hizo 356 binti wa watu analala simu imezima, na muda pekee anaopata wa kuongea na mama yake ni usiku, vyombo vikishaoshwa.

Hicho ndicho kinachoniuma katika mabishano haya ya umeme. Uniti zikiisha haraka, nyumba nzima inatafuta mkosaji, na mkosaji anapatikana kwa mtu asiye na sauti. Hakuna anayemgusa baba anayeoga maji ya moto asubuhi na jioni.

Na maji ya moto ndipo penyewe. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji jouli 4,200 hivi. Hesabu hiyo haibadiliki kwa hita ya Kariakoo wala ya Ulaya, wala kwa maneno ya fundi. Chukua ndoo ya lita 20, maji yakiwa nyuzi 25, unataka yafike 45 uoge vizuri: hiyo ni karibu nusu uniti. Familia ya watu watano, kila mtu ndoo moja kwa siku, ni uniti 70 kwa mwezi. Sijahesabu friji, pasi, feni wala taa. Maji ya kuoga peke yake. Na hapo ni Dar. Njombe au Mbeya ambako maji ya bomba yanauma vidole, ongeza. Hita ya bafuni ya wati 5000 ikikimbia dakika sita tu, nusu uniti nyingine imekwenda. Weka hizo uniti 70 upande mmoja, weka chaja upande wa pili, halafu uniambie nani alipaswa kuitwa kikaoni.

Namfahamu kijana aliyepanga chumba Sinza wakati anamalizia chuo. Nyumba ya vyumba saba, mita moja, na daftari la umeme limetundikwa kwa uzi ukutani karibu na rimoti ya LUKU, ile ya kuingizia tokeni za umeme wa kulipia kabla. Kila chumba kina mstari wake: jina, kiasi, saini. Kwenye mstari wake kuliongezwa kwa kalamu nyekundu "kompyuta 10,000", kila mwezi. Wenzake waliamua hivyo kikaoni kwa sababu taa yake ilionekana ikiwaka usiku na kompyuta mpakato iko mezani. Kompyuta ya aina ile hutumia wati 30 hivi ukiwa unaandika. Saa tano kila siku, mwezi mzima, ni uniti nne na nusu, pesa isiyofika shilingi 1,700. Ndani ya nyumba hiyohiyo kulikuwa na chumba kinachopikia maharage kwenye jiko la koili, kuanzia maharage mabichi mpaka yaive, na kingine kinachoweka hita kwenye ndoo alfajiri. Hao walilipa sawa na wengine, kwa sababu maharage na maji ya kuoga ni mambo ya kawaida, kompyuta ni anasa. Kijana alilipa. Angefanya nini? Ana miaka ishirini na kitu, wenzake ni watu wazima wenye watoto, na akibisha ataambiwa ana dharau za wasomi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jibu la ugomvi wote ule lilikuwa linapepesa ukutani, hatua mbili kutoka kwenye daftari. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu. Pembeni yake imeandikwa namba, mara nyingi 1000 au 1600, ikifuatiwa na imp/kWh. Maana yake taa ikipepesa mara hizo, uniti moja imekwenda. Basi. Zima kila kitu, washa kitu kimoja, hesabu taa inapepesa mara ngapi kwa dakika. Birika la umeme la wati 2000 kwenye mita ya 1000 litaipepesa kila baada ya sekunde mbili kasoro kidogo. Unaona kwa macho yako uniti zinavyokimbia. Kisha zima birika, chomeka chaja peke yake, vuta kiti. Utakaa mpaka uchoke, na taa haijapepesa.

Ila hapo kwenye birika pia watu huonewa. Birika linakula kwa kasi, lakini kwa muda mfupi. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai kunamaliza takriban sehemu ya kumi ya uniti, kama shilingi 35, kisha linajizima. Wengi husoma wati 2000 kwenye kitako chake wakashtuka, wakalificha kabatini, huku king'amuzi kimewaka taa nyekundu sebuleni mwaka mzima. King'amuzi kinachokula wati 10 kikiwa kimelala kinamaliza uniti saba kwa mwezi bila mtu kutazama chochote. Hayo ni maji ya chai lita 70. Wati bila saa hazikwambii kitu. Pasi ya wati 1000 inayonyoosha sare za watoto robo saa haiwezi kulinganishwa na balbu ya zamani ya wati 60 inayowaka barazani kuanzia magharibi mpaka alfajiri.

Kuhusu vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyouzwa kwamba vinapunguza matumizi ya umeme: msinunue. Mita ya nyumbani inahesabu nishati halisi iliyotumika, na kidude hicho hakiwezi kuipunguza.

Sasa hili la mita kuwekewa spidi. Nimesoma maelezo mengi ya ajabu, na ukweli wake ni mzuri kuliko uzushi wote. Tokeni za mfumo wa STS, huu unaotumika kwetu na katika nchi nyingi duniani, zinabeba ndani yake hesabu ya dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993. Hesabu hiyo imetengewa biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri au moja. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216, na dakika hizo zilikuwa zinakwisha Novemba 24, 2024. Baada ya hapo saa ya tokeni inarudi sifuri, mita inaiona tokeni yako mpya kama ya zamani, inaikataa. Ndiyo maana TANESCO walituandama mwaka ule wote tuboreshe mita, na Kenya Power wakawaandama wenzetu vilevile. Ndiyo maana ulipewa tokeni tatu, za tarakimu 20 kila moja: mbili za kuibadilishia mita ufunguo, ya tatu ndiyo uniti zako. Mbili zile hazigusi kabisa sehemu inayopima umeme. Ubao wa kupokea tokeni na kazi ya kuhesabu umeme unaopita ni mambo mawili tofauti. Namba ya imp/kWh iliyochapishwa kwenye mita yako ni ileile ya siku ilipofungwa, na unaweza kuipima kwa birika kama nilivyosema.

"Lakini mbona uniti zilipungua?" Zilipungua kwa wengine, sikatai. Kwanza, mwisho wa mwaka Dar ni joto, na friji na feni haziwezi kufanya kazi ileile ya Julai. Pili, tazama risiti. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni 1,500. Ukinunua wa elfu kumi mara ya kwanza mwezi huu kwa bei ya T1, inakatwa 1,500, unapata uniti 23 na ushee. Ukinunua tena wa elfu kumi wiki inayofuata, unapata 28. Mtu aliyeruka miezi miwili bila kununua anakatwa ya miezi mitatu kwa mpigo, anapata uniti 15, anapiga picha ujumbe wa simu na kuusambaza kwamba tunaibiwa. Ujumbe aliousambaza una mstari wa kodi ndani yake. Tunagombana na kitu ambacho jibu lake tumelishika mkononi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wanaolalamika wakati mwingine wana haki kabisa. Mita mbovu zipo. Nyaya zilizochoka ndani ya ukuta zipo, na jirani aliyejivutia waya wako juu ya dari yupo pia. Ukichomoa kila kitu nyumbani, swichi kubwa ikabaki imewashwa, na taa ya mita bado inapepesa, ita fundi umeme siku hiyohiyo, kwa sababu hiyo si hasara tu, inaweza kuua mtu. Vipimo hivi ndivyo vinavyompa mlalamikaji nguvu. Ukifika kaunta ukasema "nimezima kila kitu na mita inapepesa mara kumi kwa dakika," utasikilizwa tofauti na anayesema amesikia kwamba mita zina spidi.

Na kuna dhuluma ya kweli ambayo kelele za chaja zinaifunika, nayo ni mita ya kushirikiana. Kwa bei iliyopangwa na EWURA mwaka 2016, anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti; wa T1 analipa 292. Ukiweka kodi na tozo, ni 122 kwa 356. Rudi kwenye ile nyumba ya Sinza. Vyumba saba, tuseme kila kimoja kinatumia uniti 20, matumizi ya mtu wa kipato cha chini kabisa: taa, feni, redio, simu. Kila mmoja angekuwa na mita yake, angelipa shilingi 2,440 kwa mwezi. Kwa sababu wamewekwa kwenye mita moja, jumla yao ni 140, wamo T1 wote, na kila chumba kinalipa zaidi ya 7,100. Bei ile nafuu iliwekwa kwa ajili ya watu hawahawa, na haiwafikii, kwa kuwa mita inaiona nyumba nzima kama mteja mmoja mwenye matumizi makubwa. Mwenye jumba la geti anayeishi peke yake na kuoga maji baridi anaweza kuipata. Mama muuza vitumbua wa chumba nambari nne haipati.

Hilo ndilo nataka tubishanie. Tubishane usiku kucha, tutumiane sauti, tumwandikie mbunge. Tuulize kwa nini nyumba ya vyumba saba isiweze kuhesabiwa kama kaya saba. Tuulize gharama za kuungiwa umeme mjini, ambazo mpangaji hawezi kuzitoa kwa ukuta usio wake. Wenye nyumba tuwaambie wafunge mita ndogo za ndani kwa kila chumba, zipo madukani, hazitawapunguzia watu bei lakini zitaondoa lile daftari na kalamu yake nyekundu, na aliyechemsha maji atalipia maji yake.

Mpaka hapo, mwenye mita ya kushirikiana afanye jambo moja Jumapili hii. Waiteni wapangaji wote pale ukutani, mtu ashike saa, vitu viwashwe kimoja kimoja: hita, jiko, pasi, friji, kompyuta, chaja. Andikeni kila mmoja kapepesa mara ngapi kwa dakika na hutumika kwa saa ngapi, kisha gaweni upya. Na kama kuna mtu amekuwa akilipishwa elfu kumi ya kompyuta kila mwezi, mrudishieni hela yake.