Tulifuate Behewa

Wengi wetu tunaojenga reli za modeli, yaani reli ndogo za mezani zinazoiga zile za kweli, huanza na kichwa cha treni. Tunakichagua kwa rangi na kwa mlio wake, kisha tunakifungia mabehewa kumi yoyote yaliyopo na kukizungusha mezani mpaka tutosheke. Sina ugomvi na furaha hiyo, kwani ndiyo iliyonivuta mimi pia. Hata hivyo, kadiri ninavyojifunza jinsi reli za mizigo za Marekani ya Kaskazini zinavyofanya kazi, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kinachostahili kufuatwa ni behewa, na kwamba meza ya modeli isiyojua kila behewa limetoka wapi na linakwenda wapi imeikosa sehemu tamu kuliko zote.

Chukua behewa moja la sanduku lililopakiwa karatasi. Treni fupi inayohudumia viwanda vya eneo husika hulitoa kiwandani na kulifikisha yadini, ambako hupangwa pamoja na mengine yanayoelekea upande uleule. Treni kubwa hulipeleka hadi yadi nyingine, linapangwa upya, pengine linakabidhiwa kwa kampuni nyingine ya reli, na mwishoni treni nyingine fupi hulisukuma hadi mlangoni pa mnunuzi. Kusubiri yadini kwa saa 24 au zaidi ni jambo la kawaida, hivyo behewa linalovuka nchi hutumia sehemu kubwa ya safari yake likiwa limesimama. Bailey Yard, iliyoko North Platte katika jimbo la Nebraska, ndiyo yadi kubwa kuliko zote duniani za kupanga mabehewa, na urefu wake ni takriban kilomita 13. Mabehewa husukumwa taratibu hadi juu ya kilima kilichotengenezwa makusudi, hufunguliwa, kisha huteremka kwa uzito wao wenyewe, kila moja kuelekea njia yake, huku breki zilizofungwa relini zikiyabana magurudumu ili yasiyagonge kwa nguvu yaliyotangulia.

Ubavuni mwa kila behewa kuna herufi na namba zinazomtambulisha mmiliki wake. Herufi zikiishia na X, mwenye behewa si kampuni ya reli, kama ilivyo kwa mabehewa mengi ya matangi. Kampuni inayotumia behewa la kampuni nyingine hulilipia kwa muda linapokaa kwenye reli zake, na mteja anayechelewa kushusha mzigo naye hutozwa ada. Kwa hiyo hata behewa tupu lina sababu ya kuondoka, na mwanamodeli anayelijua hilo hatakosa tena kazi ya kuipa treni yake.

Utamu wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye ile treni fupi. Tuseme inafika kwenye kiwanda ambacho tawi lake la reli limechepuka kuelekea mbele, upande uleule treni inakokwenda. Kichwa kikiingia humo huku kikivuta behewa, kitajifungia ndani bila njia ya kutokea. Inabidi kiende hadi kwenye njia ya kupishana, kiliache behewa, kizunguke na kulishika kwa nyuma, ndipo kilisukume tawini. Kabla ya kuyaacha mabehewa mengine, kondakta hukaza breki za mkono za kutosha, hufunga koki ya bomba la hewa ya breki upande wa kichwa, na kuiacha wazi ile ya upande wa mabehewa yanayobaki. Kichwa kinapojitenga, mipira inayounganisha bomba hilo inachomoka kwa mshindo, na kwa kuwa mfumo alioubuni George Westinghouse katika miaka ya 1870 hukaza breki pale shinikizo linapopungua, mabehewa hayo hujikamata yenyewe. Hakuna anayeingia katikati ya mabehewa kabla dereva hajamthibitishia kwa redio kwamba treni haitasogea. Wakirudi, wataunganisha mipira, watasubiri bomba lijae hewa hadi karibu pauni 90 kwa inchi ya mraba, na watapima breki kabla ya kuondoka.

Mezani, kazi hiyo yote humalizwa kwa sekunde mbili kwa ncha ya kijiti cha kufungulia mabehewa, na hapo ndipo ninapowasihi wenzangu wasiharakishe. Mimi huhesabu dakika moja nzima kwa ajili ya breki za mkono na nyingine mbili kwa ajili ya hewa, nikiwa nimeondoa mkono kwenye kidhibiti. Tangu nianze kufanya hivyo, kiwanda chenye njia mbili tu hunishughulisha jioni nzima.

Kuna treni ambazo hazipitii mpango huo wa yadi na treni fupi. Zile za makaa ya mawe kutoka Powder River, eneo la machimbo katika majimbo ya Wyoming na Montana, na nyingi za nafaka na makontena, hutoka mahali pamoja hadi mahali pengine bila kupangwa upya njiani, na anayependa kuzungusha treni ndefu ana mfano halisi wa kuuiga. Lakini treni ya mabehewa 100 yenye urefu wa mita 18 kila moja, ikipunguzwa kwa kipimo cha HO, yaani 1:87, bado inahitaji karibu mita 21 za reli, nafasi ambayo wachache wanayo chumbani. Treni fupi yenye mabehewa sita huenea kwenye rafu, na haihitaji kupunguzwa hata behewa moja ili ifanane na ile ya kweli.

Kila behewa langu lina kadi, na ndani ya kadi kuna kikaratasi chenye pande nne za kugeuzwa, kila upande ukitaja safari moja. Jana kadi ya tangi moja ilisema lirudi yadini likiwa tupu, nalo lilikuwa limezibwa na mabehewa mawili ambayo mpokeaji hajamaliza kuyashusha. Ningeweza kuliinua kwa vidole. Badala yake nimeandika kwamba treni imeondoka bila tangi hilo, na litasubiri pale hadi treni ya kesho kutwa.