Kipchoge Ameniponza

Mimi na Eliud Kipchoge tuna kesi. Tangu nihamie huku kaskazini mwa Uingereza, huyu bwana ananitesa na hata hanijui. Ameshinda London Marathon mara 4, na kila aliposhinda alinizidishia mzigo, maana huku kila Mkenya hudhaniwa ni mkimbiaji. Haikutosha, Oktoba 2019 akaenda Vienna akazimaliza kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haya, hongera, tulishangilia. Lakini aliniwaza hata kidogo mimi, mtu wa Majengo, Mombasa, mwenye kitambi cha heshima, ambaye kesho yake ilinibidi niende kazini nikatazamwe miguu?

Jamani, wanaokimbia ni wa Iten na Kapsabet, huko juu. Iten iko karibu mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Mimi usawa wa bahari ndio kwetu. Kutoka Mombasa mpaka Eldoret ni karibu kilomita 800 za barabara, na hakuna hata moja niliyowahi kuikimbia. Kwetu mtu mzima akionekana anakimbia mtaani, watu hutoka nje kuuliza kuna msiba kwa nani. Pahali pa pekee mtu mwenye adabu zake anaruhusiwa kukimbia ni feri ya Likoni, geti likitaka kufungwa, na hata hapo ukishaingia unajipangusa uso na kujifanya ulikuwa unatembea tu.

Kilichonifikisha kwenye mbio ni upweke. Jirani yangu, tunashiriki ukuta mmoja, tulikuwa tunajuana kwa mapipa ya taka. Jioni ya kutoa mapipa anatoa lake, natoa langu, anasema, "Baridi leo." Nasema, "Baridi kweli." Mlango paa! Mpaka wiki ijayo. Kwetu kufikia hapo ningekuwa nishajua ana watoto wangapi, yupi amemshinda, na duka gani anadaiwa. Mwengine wa nyumba ya mbele aliniambia, "Lazima siku moja uje kwetu unywe chai." Nikafurahi, nikamwambia Mama Rukia atafute kitu cha kupeleka, hatuendi mikono mitupu. Akaniuliza, "Baba Rukia, umealikwa lini?" Nikamjibu, "Siku moja." Alicheka mpaka akakaa chini. Chai yenyewe naingoja mpaka leo.

Kila niliyemlalamikia alinijibu jibu lile lile: ingia kwenye michezo, ndiko waliko watu. Nikaenda jimu. Watu wameziba masikio, kila mmoja anakimbia papo hapo akitazama ukuta. Nikaenda kwenye kandanda ya watu 5 kwa 5. Unalipia kwa simu, mnacheza saa nzima, na filimbi ya mwisho ikilia wenzako wako kwenye magari. Kuna mtu nilimpa pasi tamu ya bao, na jina lake silijui.

Ndipo mwenzangu wa kazini akaniambia habari za parkrun. Ilianzia Bushy Park, London, mwaka 2004, wakimbiaji 13 tu, sasa imeenea nchi chungu nzima. Jumamosi saa 3 asubuhi, kilomita 5, bure. Mimi nilisikia "bure". Hayo mengine yalipita juu ya kichwa. Unajiandikisha kwenye mtandao mara moja, unachapisha barkodi yako, unakwenda nayo bustanini.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu wa kukata kwa panga. Mama mmoja mwenye kizibao cha manjano akapanda juu ya benchi, akaeleza njia, akawashukuru waliojitolea, kisha akauliza kama kuna wageni waliotoka mbali. Mimi kimya. Mwenzangu, Mungu anamwona, akaninyooshea kidole: "Huyu anatoka Kenya!"

"Oooooh!" umati mzima. Makofi. Halafu wakaanza kunipisha. Wallahi walinipisha! Mzee anasogea, mama anavuta mtoto, "pita, pita mbele," mpaka nikajikuta mstari wa kwanza kabisa, katikati ya vijana waliokauka mashavu, wamevaa vikaptula ilhali usiku wa juzi kulikuwa na barafu. Mmoja akaniuliza kwa adabu nalenga dakika ngapi. Nikamwambia, "Inategemea." Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, akasogea kidogo aniachie nafasi.

Mita 200 za kwanza, nisiseme uongo, nilipendeza. Kisha kikaja kilima. Bustani ya watu kupumzika, kilima cha nini? Hapo ndipo nilipoanza kupitwa. Alinipita mama anayesukuma mapacha kwenye kigari, anahadithiana na mwenzake. Alinipita mbwa, akageuka kuniangalia. Alinipita bibi mwenye fulana ya kijani, ile ya waliofikisha mbio 250, akanipapasa bega akaniambia najitahidi. Bibi wa watu, jasho hana, kikohozi hana.

Mwisho nikabaki na yule ambaye huwa hapitwi wala hapiti. Wana utaratibu mmoja wa kiungwana hawa: yuko mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya kila mtu, ili mshiriki asije akaitwa wa mwisho. Alikuwa mzee, dereva wa basi mstaafu, mfukoni ana peremende. Akanipa moja, akaanza kusema. Alinieleza goti, talaka, mtoto aliye Australia, na ugomvi wake na baraza la mji kuhusu mti. Nami nikamweleza yangu. Wale wa mbele, maskini, wanakimbia bubu, pumzi ya kusema wataitoa wapi? Urafiki wote uko nyuma, kwa wazee, wenye nyonga mbovu na wenye vitambi.

Na nani alikuwa huko nyuma, anachechemea na fimbo zake 2? Jirani yangu wa mapipa! Kwanza hakunijua bila pipa. Aliponijua alipiga ukelele, tukakumbatiana, Mwingereza na mimi, matopeni. Kufika kwenye kahawa nilikuwa nimeshajua watoto wake wote, na aliyemshinda ni wa pili.

Basi mngedhani nimepona. Sasa jioni ya mapipa jirani hamalizi maneno. Nimesimama nje kwa kanzu na kandambili, vidole havina damu, yeye ananihadithia daktari alisema nini kuhusu nyonga. Jumamosi yangu ya kulala imekufa. Ujumbe wa matokeo unanijia kwa simu, nafasi yangu ina tarakimu 3, na Mama Rukia huusoma kwa sauti mbele ya watoto. Na bado kuna wanaoamini najificha, kwamba iko siku nitaamua kukimbia kweli. Wananiuliza kama nafanya mazoezi ya polepole makusudi.

Dereva wangu mstaafu ndiye aliyeniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Alijua Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, anamtaja Steve Tikolo, nahodha wetu wa wakati ule, kama mpwa wake. Mimi kriketi nilikuwa naiona kwa mbali tu, nikipita nje ya ukuta wa klabu. Akanialika Jumapili kwenye timu ya kijiji chao. Akanieleza mchezo wenyewe: watu wengi wamekaa, katikati kuna mapumziko ya chai, na mikate imekatwa pembe tatu, mvua ikianza, mnaingia ndani mnakaa tena. Nikasema Alhamdulillahi, kumbe mchezo wa watu wa pwani ulikuwepo muda wote na hakuna aliyeniambia!

Nimefika, hata kikombe sijashika, nahodha ananitia mpira mwekundu mkononi, mgumu. Ananiuliza kama Julius Yego ni jamaa yangu. Yego, yule bingwa wa dunia wa mkuki, 2015, mita 92.72. Sasa huyu naye nani alimtuma?

Nikasema bega linauma. Wakanihurumia sana. Basi, wakasema, usirushe, utasimama kule mbali mpakani mwa uwanja, kazi yako ni nyepesi tu: mpira ukija huko, unaufukuza.

Unaufukuza vipi? Kwa kukimbia.