Nichanganyie za mwili

Juzi niko duka la dawa karibu na stendi hapa Moshi, mbele yangu kasimama mgumu, mbeba mizigo ya watalii, katoka Mlima Kilimanjaro, buti bado zina vumbi la njia ya kushukia ya Mweka. Hakueleza anaumwa wapi. "Dada, nichanganyie za mwili." Na dada akachanganya kweli! Mkasi, kacha, diklofenaki. Kacha, brufeni. Juu akaongezea Panadol, akaandika 1x3 kwenye kifuko, haya, anayefuata.

Jamani. Diklofenaki na brufeni ni ukoo mmoja, pamoja na aspirini, meloksikamu na piroksikamu. Ukizimeza pamoja, kinachoongezeka zaidi ni madhara. Zinatuliza maumivu kwa kuuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi na kusaidia damu ifike kwenye figo. Sasa mchukue mtu aliyebeba kilo 20 siku nzima, jasho limemkauka mwilini, maji kanywa nusu chupa. Figo zake zinaishi kwa damu ya kuungaunga, na wewe unampunguzia hata hiyo! Angeanza na Panadol peke yake, ambayo si ya ukoo huo, akanywa maji, akalala.

Halafu huo mkasi. Karatasi ya vidonge ikishakatwa, jina linabaki dukani na tarehe ya kuisha muda inabaki dukani. Kesho jirani anampa "cha mgongo", kumbe ni diklofenaki ile ile, au ile iliyochanganywa na parasetamo kabisa. Atajuaje? Brufeni ya kujinunulia mwisho ni miligramu 1200 kwa saa 24, yaani vidonge vitatu vya 400 kwa mtu mzima, tena baada ya kula. Asiyejua amemeza nini atahesabu nini? Mimi nataka kipande chenye jina. Wauzaji wananuna. Wanune.

Sawa, foleni ya hospitali inakula nusu siku na mgumu anapanda tena kesho kutwa. Dawa zenyewe pia zinafanya kazi, hilo silikatai. Ila mjamzito wa wiki 20 na kuendelea asiziguse hizi za ukoo wa diklofenaki bila daktari.

Wanaoniumiza zaidi ni wazee wetu. Shangazi yangu kule Kibosho anameza losartani na kidonge cha kukojoa kwa ajili ya presha. Goti likimsumbua, watoto wanamtumia diklofenaki kwa bodaboda, na wanajiona wamemjali. Dawa hiyo inapandisha presha ile ile anayoitibu, na zikikutana zote tatu figo zinaweza kugoma. Nimempigia simu. Kanijibu, "Mwanangu, wewe goti unalo?" Basi nimewageukia wanawe: mama apelekwe akapimwe presha na figo, na akipata choo cheusi kama lami, yaani huenda tumbo linavuja damu, bodaboda imkimbize hospitali siku hiyo hiyo.