Unga na daftari

Mama mmoja mzaliwa wa Mwenga, ambaye tunasali naye hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kila tarehe 24 Agosti huyataja kwa sauti majina ya ndugu zake waliouawa katika kijiji cha Kasika, huko Mwenga, mwaka 1998. Siku ile waliuawa mwami, yaani chifu wa jadi, na mkewe, padre, masista na mamia ya raia wa vijiji vya jirani. Hakuna hakimu aliyewahi kumwuliza mama huyo hata jina moja.

Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu yetu katikati ya Februari, tunapozungumzia msaada tunataja unga, turubai, dawa na uwanja wa ndege uliofungwa. Ni haki kuvitaja, kwa maana mwenye njaa hangoji. Hata hivyo naamini kwamba kuandika yaliyowapata watu ni sehemu ya msaada wenyewe, na kazi hiyo ianze siku ileile ambayo gunia la kwanza linashushwa.

Tazama yaliyotokea Goma. Mochwari zilijaa, na maiti nyingi zikazikwa haraka kwa kuhofia maradhi. Muda mfupi baadaye kambi za waliokimbia vita, kama Bulengo, zikabomolewa, na waliokuwa wameona kwa macho yao wakatawanyika kila upande. Picha ya uso, rangi ya nguo na namba ya kaburi ni mambo ya dakika chache kwa anayezika, lakini yasipoandikwa siku hiyo, hakuna atakayeyapata tena.

Ripoti ya Mapping, yaani ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya uhalifu mkubwa uliotendwa Kongo, iliyotolewa Oktoba 2010, ilieleza matukio 617 ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Nawaheshimu sana walioiandika, ila walifika miaka mingi baada ya damu kumwagika, na mahakama ya mchanganyiko, yenye mahakimu Wakongo na wa kigeni, waliyoipendekeza haijaundwa mpaka leo. Huko Kavumu, karibu na Bukavu, mambo yalikwenda vingine: wasichana wadogo walipokuwa wakitekwa usiku na kubakwa, madaktari waliowatibu walihifadhi vyeti na mafaili, na Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ikawahukumu watu 11 kifungo cha maisha.

Wapo wafanyakazi wa misaada wanaosema kwamba wakionekana kuchunguza, watafungiwa barabara na wagonjwa watakosa dawa. Hofu hiyo ni ya kweli, wala siidharau, kwa kuwa katika mji unaoshikiliwa kwa bunduki daftari linaweza kumwua mwenyewe. Tena wafungwa walitoroka kwa wingi Goma na hapa Bukavu, na shahidi anaweza kukutana sokoni na yule ambaye yeye mwenyewe alimshtaki. Lakini simwombi muuguzi awe mpelelezi. Namwomba aandike vizuri anachokiona, yaani jeraha, tarehe na mahali, kwa ridhaa ya mgonjwa, na nakala itunzwe mbali na wenye silaha. Wafadhili nao walipie kazi hiyo kama wanavyolipia turubai, badala ya kuiacha iwe jambo la kukumbukwa baada ya vita.

Mwezi uliopita niliketi na yule mama, binti yake akiandika katika daftari la shule. Yalipatikana majina 14, kila moja na umri wake na mahali mwili ulipolala. Tumetengeneza nakala mbili, na moja haiko tena Bukavu.